Bahasha Niliyoiziba kwa Nta

Mwenye mtoto anayesoma mbali, akiletewa bahasha yenye lakiri, ule muhuri mwekundu mgumu, asiiguse. Aitie sandukuni, afunge, na ufunguo ampe mtu mwingine. Naanza na hilo kwa sababu najua wengi wenu hamtafika mwisho wa karatasi hizi. Chungu kitafurika, au mtoto atalia. Mkiachia hapa, nililotaka kusema mmeshalipata. Watakaobaki nitawaeleza ilivyokuwa.

Mimi ni Mama Esteri wa Titye, kijiji cha Kasulu. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, kwa masista, kwa hiyo kusoma najua na kuandika najua, na hicho ndicho kilichoniponza. Mwanamke asiyejua kusoma angeiogopa ile bahasha.

Esteri ni mtoto wangu wa kwanza. Alipokuwa mdogo, dada yangu Rosa, aliyeolewa Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Kitanga, alimwomba akae naye maana yeye hakujaliwa mtoto. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Ule mpaka tulikuwa tunauvuka kwenda harusini na msibani, na wa huko tunasikilizana nao bila mkalimani. Basi Esteri akasomea huko, kwa Kifaransa, akapanda darasa kwa darasa mpaka akaingia chuo kikuu cha huko, kusomea hesabu na uchumi. Alikuwa amemaliza miaka miwili ulipoingia mwaka 1972, mwaka wa mauaji. Alituambia wanafunzi walikuwa wanaitwa majina, wanatoka nje, hawarudi. Alivuka kwa miguu. Alifika Titye na gauni alilovaa na kiatu kimoja cha plastiki. Rosa hakuwa naye. Walipotezana njiani, kila mmoja akidhani mwenzake yuko mbele.

Miezi ya kwanza Esteri alikuwa analala tu na kula kidogo. Alipopata nguvu akaanza kusema habari ya chuo. "Mama, nina miaka miwili yangu," alikuwa anasema, kama mtu anayezungumzia mbuzi aliowaacha kwa jirani. Akaandika barua kwa chuo kikuu cha huku kwetu. Jina la chuo silitaji, kwa sababu hawakunikosea. Mimi ndiye niliyekosea.

Jibu lilipokuja alitusomea mimi na baba yake, Venanti, tumekaa nje tunapukuchua maharage. Walisema wao hawahesabu miaka. Wanaliweka somo la mwanafunzi kando ya somo lao, wanaangalia alifundishwa nini, saa ngapi kwa juma, na alipata alama gani. Linalolingana wanalipokea, na lisilolingana atalisoma upya. Lakini hawapokei alama kwa mdomo wa mwanafunzi, wala kwa karatasi iliyopita mikononi mwake ikiwa wazi. Ni lazima chuo chake cha zamani kiandike, kifunge bahasha, kitie lakiri na muhuri juu ya mkunjo, na wao wenyewe ndio wafungue.

Venanti anafuga nyuki, akalielewa hilo haraka kuliko mimi. "Ni kama mnunuzi wa asali," akasema. "Hakuulizi mzinga ulikaa mtini miaka mingapi. Anachovya kijiti mpaka chini, anaonja."

"Ndiyo, baba. Ila huyu anataka debe lifike limezibwa."

"Sawa. Na mimi ningetaka hivyo."

Tukacheka. Nakumbuka tulicheka.

Kuipata bahasha kulichukua miezi tisa. Padri Stanislaus wa misheni ndiye aliyehangaika. Aliandika kwa padri mwenzake huko ng'ambo, yule akamjua karani mmoja wa chuo, karani akaogopa, akakubali, akaogopa tena. Wakati huo Esteri alikuwa amepata kazi Kibondo, kwenye zahanati ya misheni, kuwatafsiria wakimbizi wanapoeleza ugonjwa kwa sista Mzungu. Kuja nyumbani alikuja kwa nadra, kwa sababu ya shida ya gari.

Sasa mjue habari ya barua zetu. Titye hatuna posta. Nusu ya kijiji tulikuwa tunatumia sanduku la posta la Bwana Khatibu, mwenye duka la nguo na chumvi mjini Kasulu, mtu mwenye asili ya Bagamoyo. Na Khatibu alikuwa na desturi yake, nasi tuliipenda: kila barua alikuwa anaifungua na kuisoma kwanza yeye. Hakuwa mmbeya. Alifanya hivyo ili barua ya msiba isimkute mtu amesimama barabarani na mzigo kichwani. Kama ni habari njema alikupungia tangu mbali. Kama ni kifo, alisema, "Karibu, kaa kwanza," na mkewe Shamsia akaleta maji ya kunywa. Wengi tumelilia misiba yetu kwenye benchi la duka lile, lakini tumelia tumekaa.

Mwezi wa nane mwaka 1973 niliingia dukani kununua chumvi. Khatibu akaniangalia, akasema, "Mama Esteri, karibu. Kaa kwanza."

Nikakaa upesi. "Nani?"

"Sijui. Sijaifungua."

"Wewe? Hujaifungua?"

"Tazama mwenyewe dude hili jekundu. Hizi ni za kiserikali. Mimi muuza chumvi, nikamatwe bure?"

Akaniwekea bahasha magotini, kubwa, ya rangi ya kaki. Stempu ilikuwa ya Burundi. Jina lilikuwa la Esteri. Na nyuma, juu ya mkunjo, tone kubwa jekundu gumu, limepigwa alama katikati.

Mtaniuliza, si ulisomewa habari ya lakiri? Nilisomewa. Lakini neno nilikuwa nimelisikia kwa masikio tu; kitu chenyewe sikuwa nimewahi kukiona. Na miezi tisa ni mingi. Mimi nilipoiona stempu ile sikuona chuo. Nilimwona Rosa. Nikasema wamempata, na wamempata vibaya, ndiyo maana bahasha ni kubwa.

Shamsia alikuwa ameshaleta maji. "Shoga, si umsubiri mwenyewe? Jina ni la Esteri."

"Esteri ni mtoto wangu. Na Rosa ni dada yangu."

"Kibondo si mbali. Kesho kuna gari."

"Shamsia, wewe dada zako wote wako hapa Kasulu. Niache."

Nikachukua kisu cha dukani, kile cha kukatia sabuni, nikakiingiza chini ya lile dude. Likapasuka vipande vitatu. Hata leo mlio wake nausikia, mdogo tu, kama mtu anavunja karanga.

Ndani hamkuwa na Rosa. Mlikuwa na karatasi mbili za Kifaransa zenye mihuri, na mistari, na kila mstari mwisho wake una tarakimu. Jina la Esteri nililisoma. Tarakimu nilizisoma. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na moja. Kumi na tatu.

Khatibu akasogeza miwani, akachungulia begani kwangu. "Hizi ndizo alama?"

"Naona ndizo."

"Kumi na tatu kwa mia?" Akashindwa kujizuia. "Mama Esteri, huyu mtoto huko alikuwa anakwenda darasani kweli?"

"Nyamaza, Bwana Khatibu."

"Nauliza tu. Hata mimi kwa Kifaransa ningepata kumi na tatu, na sikijui."

Sisi kwa masista mtihani ulikuwa kwa mia. Aliyepata arobaini aliambiwa abaki kufagia. Nilijua kutoa na kujumlisha, nilijua kumi na tatu ni nini, na sikujua kwamba kuna nchi ambako mtihani wote ni ishirini. Juu ya karatasi palikuwa pameandikwa hivyo, lakini kwa Kifaransa.

Basi aibu ikanishika, ikaifukuza hata ile akili ndogo niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimevunja kitu kilichokatazwa, na ndani ya kitu hicho nimekuta siri ya mtoto wangu. Nikasema moyoni, kama nitamwambia nimefungua, nitamwambia pia nimeona. Afadhali nisiseme yote mawili.

Khatibu aliniambia. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye watu walimlaumu. Aliniambia, "Mwambie leo. Nitampa dereva wa Kibondo ujumbe. Aandike huko chuoni kwamba bahasha imefunguliwa kwa bahati mbaya kabla haijafika. Ukweli ukitangulia, watu husikiliza." Shamsia naye akasema hivyo hivyo. Nikawaapisha wote wawili wasiseme neno.

Nyumbani tuna nta siku zote. Venanti akishakamua masega anaichemsha na kuigandisha kwenye sufuria kama ugali wa njano. Nilikata kipande, nikakiyeyusha kwenye kijiko, nikachanganya na udongo mwekundu wa ukutani mpaka rangi ikakaribia. Nikavipanga vile vipande vitatu mahali pake, nikaingiza nta katikati, nikalainisha kwa kidole kilicholowa. Mawe, mama wee! Ilipopoa, ilipendeza. Nilijisifu, na hilo nalo naliandika. Kisha nikachukua kitambaa cha marekani, nikaishona bahasha yote ndani, kama watu wanavyoshona vifurushi vya posta, ili mtu asilione lile tone.

Wiki mbili baadaye Esteri akaja kutoka Kibondo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa. Alikipapasa kile kifurushi kana kwamba ni uso wa mtu.

"Mama, kwa nini umeishona?"

"Mvua."

"Mwezi wa nane?"

"Mvua haina taarifa."

Akacheka, akanishika mikono. "Wewe mama ungekuwa posta, barua zingefika na blanketi. Ahsante. Ahsante sana."

Alisema ahsante mara mbili. Mimi nikaenda kumenya ndizi.

Alijaza fomu, akatia kifurushi vile vile kwenye bahasha kubwa zaidi, akapeleka Kasulu posta kwa rejista. Na hapo ndipo ujinga wangu ulipokamilika. Lakiri hupoa na kubaki ngumu hata juani. Nta ni mali ya nyuki, ikipata joto inarudi kuwa maji. Mke wa mfuga nyuki anajua hilo kuliko mtu yeyote duniani, na mimi sikuliwaza. Kwa basi mpaka Kigoma, halafu behewa la mizigo siku zile zote, Tabora, Dodoma, mabati yanawaka. Ilipofika, kama walivyoeleza baadaye, nta ilikuwa imeshuka na udongo wake, imepenya bahasha, imepenya na kitambaa, na vile vipande vitatu vya lakiri vinaelea kila kimoja kivyake.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na mbili. Esteri alikuwa amekuja kwa Noeli, tukaenda wote dukani. Safari hii Khatibu hakuwa amefungua. Alimkabidhi kwa mikono miwili, halafu akajishughulisha na kupima chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.

Esteri akasoma amesimama. Akasoma tena. Akasema, "Wanasema ilifunguliwa. Ikafungwa tena kwa vitu vya kubandika. Wanasema masomo yaliyomo hawawezi kuyapima, hata moja. Wanasema…" Akaacha, akamgeukia Khatibu. "Bwana Khatibu, wewe ndiye unayefungua barua za watu."

"Mwanangu, hiyo sikuifungua."

"Barua zote za Titye unafungua. Mji mzima unajua. Mnatufanya watoto, mnasoma vifo vyetu kabla yetu! Sasa umesoma na hiyo, umefurahi?"

"Esteri, punguza sauti," akasema Shamsia.

"Nipunguze ya nini? Wameniita mwizi wa alama! Miaka miwili, mama Shamsia. Nimevuka na hiyo tu. Hata viatu viwili sikuvuka navyo!"

Khatibu akaweka mizani chini. Alikuwa mzee anayejibu kila mtu, hata watoto wa barabarani, lakini siku ile hakujibu. Aliangalia chumvi. Wateja wawili mlangoni wakaanza kunong'ona kwamba siku zote walijua, sanduku la posta la mtu si lako, huyu Mswahili wa pwani ana mdomo. Yeye akaifunga ile chumvi. Alikuwa ameniapia.

Mimi nilikaa kwenye lile benchi. Hakuna aliyenikaribisha, nilikaa mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunisikia.

"Esteri. Nilifungua mimi. Kwa kisu kile pale. Nilidhani ni Rosa."

Wale wateja wawili wakasogea karibu. Nikamweleza yote, nta, udongo wa ukutani, marekani. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Uliona nini ndani?"

"Alama."

"Ngapi?"

"Mwanangu, tuyaache."

"Ngapi, mama?"

"Kumi na tatu," nikasema. "Na kumi na nne. Na kumi na moja. Sikutaka uaibike."

Akaniinulia macho. Halafu uso wake ukafanya kitu ambacho sikukijua kama ni kicheko au kilio. "Kwa ishirini, mama. Kule ni kwa ishirini. Ile kumi na nne hakuna mwingine aliyeipata."

Khatibu akakohoa. "Nami nilisema kwa mia," akajisemea, kama mtu anayejishitaki. Esteri akasimama, akamwendea, akapiga goti kidogo, akamwomba radhi. Mimi hakuniambia kitu mpaka tulipofika Titye, na hata pale alisema tu, "Naomba maji."

Tulihangaika tena. Padri Stanislaus aliandika ng'ambo aombe bahasha ya pili. Jibu likaja kwa mstari mmoja: yule karani hayupo tena. Hawakusema amehamishwa, hawakusema amekufa. Hayupo. Padri akaikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

Nikamwambia padri, basi nitawaandikia mimi chuo. "Mama, utawaandikia nini?" Ukweli, nikasema. Niliandika kurasa nne kwa mkono wangu. Niliwaeleza habari ya benchi la Khatibu, na stempu, na Rosa, na kisu cha sabuni. Nikawaambia mtoto hakujua lolote, alipokea kitu kilichoshonwa. Nikawaambia kama kuna adhabu wanipe mimi.

Walijibu, na walijibu kwa adabu. Walisema barua yangu imesomwa kwenye kikao. Walisema hawana sababu ya kumshuku binti yangu tena. Lakini barua ya mzazi si hati, na karatasi zilizokuwa wazi njiani hazirudi kuwa zilizofungwa. Wangemfanyia mtihani wao wenyewe wa hesabu na wa Kifaransa. Akishinda, atasamehewa masomo hayo mawili ya mwaka wa kwanza. Mengine yote, mwanzo.

Masomo kumi na moja yalikuwa kwenye zile karatasi. Nilikuwa nimeyahesabu kwa kidole siku ile dukani. Mawili.

Nilimuuliza padri kitu kimoja kinachonisumbua mpaka leo. "Bahasha ingefika nzima, wangempokelea mangapi?" Akasema hakuna ajuaye. Pengine tisa. Pengine manne, maana uchumi wa kule na wa kwetu wa ujamaa haufundishwi sawa. Pengine hayo hayo mawili. Watu wananiambia nijifariji na hilo, pengine ni yale yale mawili. Hainifariji. Kama wangekataa kwa kupima, ningewanung'unikia wao na kulala. Sasa hawakupima. Niliwanyima cha kupima, na sitajua kamwe.

Esteri alishinda mitihani yote miwili. Mwaka 1974, mwezi wa saba, akaenda kuanza mwaka wa kwanza na watoto waliotoka shule juzi, yeye akiwa na miaka ishirini na nne. Mwaka ule ule tulihamishwa nyumba zetu tukapangwa kwenye mistari ya kijiji kipya. Ule ukuta niliokwangua udongo mwekundu ukabomolewa pamoja na kuta nyingine. Sikuusikitikia.

Habari za Rosa hazijaja mpaka leo.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mlio Titye, na Kitanga, na Kasanda, na Kibondo yote. Watoto wetu sasa wanasoma mbali, na huko mbali hawajui kwamba kwetu barua hufunguliwa kwa upendo. Bahasha ya chuo si barua. Haiko kwa ajili ya mama, wala hata ya mtoto mwenyewe. Kama umekosea ukafungua, usizibe. Iache hivyo hivyo na jeraha lake, mtume mtu siku ile ile, sema. Na ukiona tarakimu, uliza ni kwa ngapi.

Khatibu ameacha kufungua barua. Sasa anazipanga kwenye ubao, kila mtu anachukua yake, na mwezi uliopita Melkiadi alisoma kifo cha kaka yake amesimama juani na gunia la muhogo kichwani, akaanguka nalo. Hilo nalo ni langu.

Esteri ananiandikia kila mwezi. Barua zake ni nzuri, zina salamu za wote, zina habari za chakula na mvua. Lakini nyuma ya kila bahasha, juu ya mkunjo kabisa, pale panapokaa lakiri, anaandika kwa wino maneno yale yale: "Mama, hii ni yako. Fungua." Venanti anasema ni utani, anacheka kila zinapofika. Mimi sijathubutu kumuuliza. Nakaa nayo magotini kwanza, kisha naifungua polepole, kwa vidole, bila kisu.